Daktari, malkia na kalamu ya mfalme: nini hasa kilitokea Denmark mwaka 1772?

Tangu Malkia Margrethe II wa Denmark alipong'atuka Januari 2024 na kumwachia kiti mwanawe, Frederik X, hadithi za kale za ufalme ule zimepata wasikilizaji wapya. Inayosimuliwa kuliko zote ni ya daktari Mjerumani, Johann Friedrich Struensee, aliyependana na Malkia Caroline Mathilde, mke wa Mfalme Christian VII, akaigeuza nchi juu chini kwa miezi michache, kisha akakatwa kichwa hadharani. Tatizo ni kwamba kila msimulizi ana yake. Mmoja atakwambia daktari alikuwa shujaa aliyekomesha utumwa. Mwingine atakwambia alikuwa mlaghai aliyemtia mfalme mfukoni ili ajipatie mke na nchi. Wa tatu atashikilia kwamba aliuawa kwa sababu ya mapenzi, basi.

Hapa yamechanganywa mambo matatu ambayo lazima yatenganishwe kwanza: mapenzi, mageuzi na sheria ya kiti cha enzi. Ukiyatazama kila moja kwa tarehe zake, utaona kwamba mapenzi hayakuzaa mageuzi, na wala si mapenzi peke yake yaliyoyaua. Kilichoyaunganisha yote ni mkono wa mfalme mgonjwa na nani aliyekuwa karibu nao.

Ufalme wa namna gani?

Denmark ya karne ya 18 ilikuwa kubwa kuliko hii tuijuayo. Mfalme wake alitawala pia Norwei na Iceland, majimbo ya Schleswig na Holstein yenye wasemaji wengi wa Kijerumani, visiwa vitatu vya Karibi, na ngome kadhaa pwani ya Afrika Magharibi. Ngome kuu ya huko, iliyoko Osu, Accra, iliitwa Christiansborg, jina lilelile la kasri la mfalme mjini Copenhagen.

Mwaka 1660 mfalme alikabidhiwa mamlaka yote, na mwaka 1665 yakaandikwa kwenye Sheria ya Mfalme. Kwa sheria hiyo mfalme hakuwajibika kwa binadamu yeyote, ila kwa Mungu. Alitunga sheria na kuzifuta, aliteua maofisa na kuwafukuza, alitangaza vita. Bunge halikuwapo. Alikatazwa mambo machache tu: kuiacha dini ya Kilutheri, kuigawa nchi, na kuyapunguza mamlaka hayo aliyorithi. Katazo hilo la mwisho likumbuke, tutalirudia.

Kwa desturi, mambo mazito yalipitia kwanza Baraza la Siri, yaani wakuu wachache, wengi wao makabaila, waliomshauri mfalme kabla hajatia sahihi. Lakini palikuwa na njia ya mkato: amri iliyotoka moja kwa moja kwenye ofisi binafsi ya mfalme bila kupita barazani. Hiyo ndiyo amri ya ofisi ya mfalme, na ndiyo silaha ya kisa hiki.

Fikiria ofisi ya mtendaji wa kijiji. Barua yako haina thamani mpaka igongwe muhuri. Sasa mtendaji anaugua, hajui vizuri kinachoendelea, lakini muhuri bado ni wake na hakuna sheria ya kumnyang'anya. Kijiji kizima kitabaki na swali moja: nani anakaa karibu na muhuri? Denmark ilikuwa katika hali hiyo kwa zaidi ya miaka 40.

Mfalme, na mtoto wa mjomba wake

Christian VII alirithi kiti Januari 1766 akiwa hajatimiza miaka 17. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili. Mlezi wake, Ditlev Reventlow, alimlea kwa viboko na matusi. Mapema tu akili yake ilianza kuyumba: leo mchangamfu na mwepesi wa maneno, kesho amejawa na hofu, anavunja samani, anatoka usiku kuzurura mitaani na kupigana na walinzi wa zamu. Madaktari wa vizazi vya baadaye waliosoma taarifa zake wameutaja ugonjwa wa skizofrenia, ingawa hakuna anayeweza kumpima mtu aliyefariki mwaka 1808.

Wanaosema alikuwa mjinga wanakosea. Alizungumza Kifaransa vizuri, alijua tamthilia, na alipozuru London na Paris mwaka 1768 aliwavutia wengi. Alikuwa mgonjwa mwenye siku njema na siku mbaya, aliyewekwa mahali ambapo kila siku anatakiwa aamue hatima ya watu.

Novemba 1766 alifungishwa ndoa na Caroline Mathilde, binti wa London mwenye miaka 15, dada wa Mfalme George III wa Uingereza. Walikuwa mabinamu: baba wa bibi harusi na mama wa bwana harusi walikuwa ndugu wa tumbo moja. Caroline Mathilde alizaliwa miezi michache baada ya baba yake kufariki, akakulia mbali na makeke ya kasri, kisha akapelekwa kwa mume asiyemjua. Mume hakumtaka. Alimzalisha mwana, Frederik, Januari 1768, lakini kabla ya hapo alionekana hadharani na kimada wake, mwanamke wa mjini aliyejulikana kwa jina la Støvlet-Cathrine. Mama mkuu wa nyumba ya malkia, aliyekuwa tegemeo lake pekee, alifukuzwa mwaka huohuo wa 1768. Malkia hakuwa ametimiza hata miaka 17.

Daktari anaingia

Johann Friedrich Struensee alizaliwa mwaka 1737 mjini Halle, Ujerumani, mtoto wa mchungaji mwenye msimamo mkali wa dini. Mtoto hakufuata njia ya baba. Alisomea udaktari, na kwa miaka kumi hivi akawa daktari wa mji wa Altona, uliopakana na Hamburg lakini wakati huo ukiwa chini ya mfalme wa Denmark. Kazi yake ilimfikisha kwa maskini, kwenye vyumba vya watu waliougua kwa njaa na uchafu. Huko ndiko alikosoma waandishi wa Zama za Mwangaza, wanafalsafa waliodai kwamba serikali na desturi zipimwe kwa akili na manufaa ya watu, na si kwa kuwa mababu walifanya hivyo.

Hili watu hulisahau: fikra zake za mageuzi zilikuwa kamili kabla hajamwona malkia. Mwaka 1768 marafiki zake wa Altona, akiwemo kabaila aitwaye Rantzau-Ascheberg, walimpatia kazi ya kuwa daktari wa safari ya mfalme. Christian alimpenda mara moja. Kwa mara ya kwanza alipata mtu mzima aliyezungumza naye kwa upole bila kumtisha. Januari 1769 msafara uliporudi Copenhagen, daktari alirudi nao.

Malkia alimchukia mwanzoni, akimhesabu kuwa mmoja tu wa wapambe wa mumewe. Kilichobadilisha moyo wake, kwa sehemu kubwa, ni ndui. Mwaka 1770 ugonjwa huo ulikuwa unaua watoto Copenhagen, na mwanawe alikuwa na miaka miwili. Chanjo ya wakati ule haikuwa hii tuijuayo. Edward Jenner alikuja na yake mwaka 1796. Daktari alichukua usaha kutoka kwenye kipele cha mgonjwa wa ndui, akauingiza kwenye mchanjo mdogo katika ngozi ya mtoto asiyeugua. Mtoto aliugua ndui kweli, ila kwa kawaida ndui nyepesi, kisha akawa na kinga maisha yake yote. Kwa kawaida, nasema, kwa sababu wapo waliokufa. Mei 1770 Struensee alimchanja mrithi wa kiti cha enzi. Kama mtoto yule angekufa, daktari angekwenda naye. Mama na daktari walikesha kando ya kitanda kimoja, na mtoto akapona.

Kufikia wakati huo mapenzi yalikuwa yameanza. Malkia miaka 18, daktari miaka 32. Mfalme hakuonyesha kinyongo. Watatu hao walikula pamoja na kusafiri pamoja.

Kwa nini mapenzi hayo yalikuwa haramu kuliko ya mfalme?

Wengi hujibu kwa haraka: dini. Lakini dini ileile ilimkataza mfalme pia, na hakuna aliyemfungulia kesi kwa ajili ya Støvlet-Cathrine. Jibu liko kwenye Sheria ya Mfalme. Kiti kilirithiwa kwa damu. Mtoto wa nje wa mfalme hakugusa urithi. Mtoto wa nje wa malkia angeweza kukalia kiti bila kuwa na tone la damu ya ukoo. Kwa hiyo tendo moja lilihesabiwa udhaifu kwa mume na uhaini kwa mke. Naona hiyo ni dhuluma, na sioni sababu ya kuificha.

Amri zaidi ya elfu moja

Septemba 1770 mambo yalishika kasi. Waziri mkongwe wa mambo ya nje, Bernstorff, aliondolewa. Tarehe 14 mwezi huo ilitoka amri ya kufuta ukaguzi wa maandishi kabla ya kuchapishwa. Desemba, Baraza la Siri likavunjwa. Tarehe 14 Julai 1771 Struensee alitangazwa kuwa waziri wa ofisi ya mfalme, na amri zenye sahihi yake zikapewa nguvu sawa na za mfalme mwenyewe, mradi orodha yake ipelekwe kwa mfalme kila wiki. Siku chache baadaye akapewa cheo cha ukabaila. Katika miezi kama kumi hivi ziliandikwa amri zaidi ya 1,000, wastani wa zaidi ya tatu kwa siku.

Ziligusa nini? Mateso ya kulazimisha washtakiwa kukiri yalipigwa marufuku. Sikukuu kadhaa za kanisa zilipunguzwa ili watu wafanye kazi. Mahakama nyingi za Copenhagen, ambapo kila tabaka lilikuwa na yake, ziliunganishwa kuwa moja. Vyeo vya serikali vilitakiwa vipatikane kwa uwezo, si kwa ukoo. Adhabu kwa akina mama waliozaa nje ya ndoa zililegezwa.

Kwa mkulima, kubwa lilikuwa shokoa. Wakulima wengi wa Denmark walilima ardhi ya kabaila na kulipa kwa kazi: kulima shamba lake, kuvuna, kubeba mizigo, na mara nyingi kabaila ndiye aliyepanga ni siku ngapi. Amri ya Februari 1771 iliweka kikomo kulingana na ukubwa wa shamba la mkulima. Ni uongo, hata hivyo, kwamba Struensee aliwafungua wakulima kabisa. Sheria ya mwaka 1733 iliyowakataza wanaume wa vijijini kuhama shamba la kabaila wao ilibaki palepale wakati wake wote.

Suala la uhuru wa uchapishaji nalo limetiwa chumvi, eti Denmark ilikuwa ya kwanza kufuta ukaguzi. Uswidi ilitangulia mwaka 1766, ingawa iliendelea kukagua maandishi ya dini. Denmark ilifuta ukaguzi wote bila kubakiza kitu, na Voltaire, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, akamwandikia Christian VII shairi la pongezi mwaka 1771. Copenhagen ikafurika vijitabu: vingine vya uchumi na kilimo, vingine vya matusi matupu. Na shabaha kubwa ya matusi ikawa Struensee mwenyewe, kitanda chake na malkia. Oktoba 1771 akarudi nyuma: kila andiko libebe jina la mwandishi au mchapaji, na sheria za kashfa zitumike. Ukaguzi wa awali haukurudi, lakini mwandishi asiye na jina hakuwa salama tena.

Mbona watu waliosaidiwa hawakumtetea?

Swali hili ndilo linalonigusa zaidi. Mtu aliyepunguza shokoa na kufuta mateso, kwa nini alipoanguka umati ulishangilia?

Anza na lugha. Struensee hakujifunza Kidenmark. Amri zake ziliandikwa kwa Kijerumani, katika nchi ambayo wananchi wake walikuwa wamechoka kuona vyeo vikubwa vikienda kwa wasemaji wa Kijerumani. Mkulima aliyepunguziwa shokoa huenda hakuwahi kuisikia amri hiyo kwa lugha yake kabla kabaila hajaipinda. Maofisa waliofukuzwa kwa barua ya mistari miwili, bila pensheni, walijua kusoma, kuandika na kusema mjini.

Halafu kuna malezi ya mtoto wa mfalme. Kwa kufuata mafundisho ya mwanafalsafa Rousseau, Frederik alioshwa kwa maji baridi, akaachwa atembee pekupeku, alishwe chakula cha kawaida na acheze na mtoto wa mtu wa kawaida. Kwa wapishi na wajakazi ilionekana daktari anamtesa mrithi ili afe. Uvumi huo ulitembea mjini haraka kuliko amri yoyote.

Mwisho, wenye silaha. Septemba 1771 mabaharia wa Norwei waliodai malipo yao waliandamana hadi kasri la Hirschholm, nje ya mji. Desemba Struensee alivunja kikosi cha walinzi wa miguu wa mfalme, na mkesha wa Krismasi ukapita kwa vurugu. Tangu hapo hapakuwa na jeshi lenye sababu ya kumlinda.

Naye alikuwa amejifungia njia. Alivunja baraza, akakwepa mahakama na maofisa, akaweka mabadiliko yote ya nchi kwenye sahihi mbili, yake na ya mfalme. Aliyetaka kuyaondoa yote alihitaji kuingia chumba kimoja cha kulala usiku mmoja.

Usiku wa dansi

Jioni ya tarehe 16 Januari 1772 kulikuwa na dansi ya barakoa kwenye ukumbi wa tamthilia wa kasri la Christiansborg. Ukumbi huo upo mpaka leo na ni makumbusho, ingawa kasri lenyewe liliungua mwaka 1794. Dansi ilipomalizika na watu kulala, waliingia wapanga njama: Juliane Marie, mama wa kambo wa mfalme, mwanawe, Mwanamfalme Frederik (si yule mtoto wa chanjo), katibu wao, Ove Høegh-Guldberg, na wanajeshi. Rantzau, yuleyule aliyemwingiza daktari kasri, sasa alikuwa upande wao. Walimwamsha mfalme, wakamwambia maisha yake yako hatarini, wakamwekea karatasi na kalamu. Akatia sahihi.

Struensee na rafiki yake Enevold Brandt walipelekwa kwenye ngome ya Kastellet. Rantzau alikwenda kumkamata malkia, aliyepelekwa kwenye kasri la Kronborg, mjini Helsingør, akiwa na bintiye anayenyonya. Februari 21 Struensee alikiri mapenzi. Machi 9 malkia naye akakiri. Aprili 6 ndoa ilivunjwa.

Je, alikufa kwa ajili ya mapenzi? Tazama adhabu. Tarehe 28 Aprili 1772, nje ya Copenhagen, Brandt kisha Struensee walikatwa mkono wa kulia, wakakatwa kichwa, miili ikagawanywa na kuwekwa juu ya magurudumu. Hiyo ilikuwa adhabu iliyoandikwa katika Sheria ya Denmark ya mwaka 1683 kwa anayevunja heshima na mamlaka ya mfalme. Hukumu iliyataja mapenzi, ikataja pia zawadi kubwa za fedha na kuchukua mamlaka ambayo Sheria ya Mfalme ilikataza yasipunguzwe wala kugawanywa. Brandt hakuwa na uhusiano wowote na malkia. Kosa lake kuu lilikuwa kugombana na mfalme na kumng'ata kidole. Kesi ya uzinzi pekee isingempeleka yeye kwenye jukwaa lile.

Mfalme mwenyewe aliionaje? Mwaka 1775 alichora picha ya Struensee na Brandt, akaandika chini yake kwa Kijerumani kwamba angependa kuwaokoa wote wawili. Sahihi ya kuwaua ilikuwa yake.

Kilichorudi na kisichorudi

Guldberg alitawala kwa njia ileile aliyoilaani: amri kutoka ofisi ya mfalme, sahihi ya mgonjwa. Mageuzi mengi yalifutwa au kulegezwa, na mwaka 1776 ikatoka sheria kwamba vyeo vya serikali ni vya wazaliwa wa nchi tu. Kisha tarehe 14 Aprili 1784, Frederik, yule mtoto wa chanjo, sasa kijana wa miaka 16, aliingia kwenye kikao na karatasi mkononi na baba yake akaitia sahihi. Guldberg akaondoka. Chini ya Frederik, mwaka 1788, ndipo wakulima walipoanza kufunguliwa kutoka sheria ya 1733.

Na utumwa? Wanaodai Struensee aliukomesha wanampa sifa isiyo yake. Amri ya Denmark ya kukomesha biashara ya watumwa ilitoka Machi 1792, miaka 20 baada ya kifo chake, ikaanza kutumika mwaka 1803. Hata hiyo ilihusu biashara tu. Watumwa wa visiwa vya Karibi walipata uhuru mwaka 1848.

Caroline Mathilde aliondolewa Denmark Mei 1772 kwa meli za kaka yake, bila watoto wake, akaishi Celle katika jimbo la Hanover. Alifariki kwa homa Mei 1775 akiwa na miaka 23.

Binti yake, Louise Augusta, aliyezaliwa Julai 1771, ndiye anayeulizwa zaidi: ni wa mfalme au wa daktari? Wengi wa wakati ule, na wanahistoria wengi baadaye, wameamini ni wa daktari. Kitukuu cha Louise Augusta ni Auguste Viktoria, mke wa Kaisari Wilhelm II, ambaye enzi yake ndiyo iliyoshuhudia Tanganyika, Rwanda na Burundi zikitawaliwa na Wajerumani. Kisheria, hata hivyo, jambo hilo lilifungwa mapema: mfalme alimkubali mtoto, tume iliyovunja ndoa ya mama yake haikumvua haki yake, naye akabaki binti wa mfalme hadi alipofariki mwaka 1843.